Pikipiki Yangu, Miguu ya Ndugu Yangu

Bado nina hasira. Nimeambiwa kanisani kwamba hasira ni hasara, nikaitikia amina pamoja na wenzangu, lakini kila nikipita karibu na lile banda la mafundi wa jua kali nyuma ya soko la Voi, damu inanichemka upya.

Nianze na goti. Mimi ni afisa wa mifugo. Miaka mitatu iliyopita fahali mmoja alinibana kwenye ukuta wa josho, goti la kulia likaumia, na tangu siku hiyo nikilikunja kwa nusu saa mfululizo linakaza kama bawaba yenye kutu. Kutembea natembea. Kupanda mlima wa Sagalla napanda, polepole. Kinachonishinda ni kukaa goti likiwa limekunjwa, na kazi yangu ni kukaa hivyo hivyo: kila Jumanne natoka Voi nakwenda Njukini kwa pikipiki, zaidi ya kilomita mia, kuwaona wafugaji wa kule. Bosi wangu alikuwa ameshaanza kusema kwamba safari hiyo apewe kijana mmoja aliyemaliza chuo juzi, mimi nibaki ofisini nijaze fomu. Alikuwa akilisema kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko tusi.

Kwa hiyo niliuza ile pikipiki yangu ya zamani nikanunua kruza, pikipiki ya kiti cha chini na usukani mpana, ambayo mtu anaikalia kama yuko sebuleni kwake. Kilichobaki ni kuifungia vitu viwili. Cha kwanza ni gadi, yaani vile vyuma vilivyopinda vinavyokinga injini na miguu pikipiki ikianguka. Cha pili ni vikanyagio vya mbele, ambavyo hufungwa juu ya gadi ili dereva anyooshe miguu barabara inaponyooka. Goti likinyooka, Njukini ingebaki yangu. Nilikuwa sitaki kingine.

Nilichagua vyuma hivyo kwa makini kuliko nilivyochagua gauni la harusi yangu. Dukani kulikuwa na gadi za kung'aa, nzuri kwa macho. Nilizigonga kwa ufunguo zikalia kama sufuria tupu. Kulikuwa na zile pana zinazopendwa na vijana wa bodaboda wanaopandisha maji Sagalla, maana mtungi wa lita ishirini unaning'inia vizuri kila upande. Ukiifungia kruza gadi pana hivyo, kona ya kwanza tu inakwaruza lami. Mimi nilitaka gadi ya bomba nene lakini isiyotanuka pembeni, ifungwe kwa bolti kwenye fremu juu na chini, isining'inizwe kwenye injini. Vikanyagio nilitaka vya kukunjika, ili vikigusa kitu vijikunje vyenyewe badala ya kuipindua pikipiki. Dukani havikuwepo vya namna hiyo. Nilivichora kwenye daftari, na vipimo vya bomba nikaandika.

Halafu nikafanya kosa. Huku kwetu mwanamke akienda peke yake kwa fundi wa vyuma, swali la kwanza ni nani amemtuma. Ili nisiulizwe, nilimchukua ndugu yangu mdogo. Ni karani wa shule, mtu mpole, mrefu, mwenye miguu kama ya korongo, na hajawahi kuendesha hata baiskeli yenye gia.

Kwenye lile banda, fundi alinipita akamshika mkono yeye.

"Sema mkubwa! Hii mashine ni moto."

Ndugu yangu alicheka. Nilimpa fundi daftari langu. Alilitazama, akasema mchoro ni safi, akamrudishia ndugu yangu.

"Panda basi tupime."

Ndugu yangu alinitazama. Nilikuwa nimesimama pale pale, helmeti mkononi. Helmeti! Fundi alidhani nimebeba nini, kikapu cha mboga? Ndugu yangu akapanda, fundi akamwambia anyooshe miguu, akapiga alama ya chaki kwenye bomba pale nyayo zilipofika.

Mimi nilinyamaza. Nilijiambia kwamba anajaribu tu, atanipima baadaye. Ukweli ni kwamba kazi ilikuwa inakwenda, fundi alikuwa anasikiliza, na mimi nilikuwa nimechoka kubishana na wanaume kuhusu mambo ninayoyajua. Nilirudi kazini nikawaacha.

Jumatatu nikaichukua. Kwa kazi ya kuchomelea sina la kusema, ilikuwa safi. Mjini hakuna anayenyoosha miguu, kwa hiyo sikugundua kitu mpaka Jumanne, baada ya Mwatate, barabara ilipoanza kunyooka. Nilinyoosha mguu, sikufika. Nilisogea mbele kwenye kiti mpaka nikawa nimekalia ukingo, ndipo vidole vya miguu vikagusa. Mguu wa ndugu yangu ungefika. Nikajiambia nitavumilia, bora goti limenyooka.

Nilipopita Maktau, mbuzi walivuka. Breki ya nyuma inakanyagwa kwa mguu wa kulia, na mguu wangu wa kulia ulikuwa mbali huko mbele, umening'inia kwa vidole. Kabla sijaurudisha nilikuwa nimeshabana breki ya mkono peke yake, gurudumu la mbele likateleza kwenye mchanga wa kando, mimi na pikipiki tukalala chini. Gadi ilishika ardhi kama nilivyotaka, mguu ukapona. Goti ndilo lililojipinda. Nilikaa pale kando ya barabara, mbuzi wakinitazama, nikatukana kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, maneno ambayo marehemu mama angenichapa kwayo hata leo.

Siku nne baadaye nilichechemea mpaka kwa fundi, peke yangu.

"Ulipima miguu ya nani?"

"Ya mwenye pikipiki."

"Mwenye pikipiki ni mimi."

Alishtuka kweli, hilo nalikubali. Kisha akainama akasema, "Lakini mama, hata ningejua, ningekupimaje? Wewe ni kama mama yangu. Nikushike miguu hapa mbele ya watu?"

"Fundi wa cherehani pale barabarani ananipima kiuno na kifua kila Desemba, na watu wanapita. Wewe unashindwa na mguu ndani ya suruali?"

Mafundi wengine waliacha kugonga vyuma. Nilipanda pikipiki, nikanyoosha miguu yote miwili, nikanyakua chaki mkononi mwake nikapiga alama mwenyewe. Alikata na kuchomelea upya palipokuwa na alama yangu. Nilisubiri mpaka akamaliza, nikajaribu mara ishirini: kikanyagio, breki, kikanyagio, breki. Vilikuwa karibu, kama inavyotakiwa.

Jumanne iliyofuata nilifika ofisini asubuhi nichukue sanduku la chanjo. Ubaoni, mbele ya neno Njukini, jina langu lilikuwa limefutwa na la yule kijana limeandikwa.

"Tumekuhurumia, madam," bosi alisema. "Huo mguu uupumzishe."

Nilimwambia atoke nje aione pikipiki. Alitoka, nadhani kwa mshangao. Nilikaa kwenye kruza mbele yake, nikamwonyesha mguu ulivyonyooka bila kusogea kwenye kiti, nikamwonyesha unavyorudi kwenye breki. Nilimweleza kwamba sikuanguka kwa sababu ya goti, nilianguka kwa sababu ya vipimo vya mtu mwingine, na vimeshatolewa. Nilimwonyesha gadi iliyokwaruzika na mguu usio na hata kidonda. Nilisema yote niliyoyanyamazia kwa fundi siku ile ya kwanza, na sikushusha sauti.

Alisikiliza. Aliizunguka pikipiki, akaigusa gadi, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayefikiri. Nikadhani nimemshinda.

"Sawa, nimekuelewa," akasema. "Na mzee kule nyumbani anasemaje kuhusu hii pikipiki?"

Mume wangu alifariki mwaka juzi. Bosi huyu ndiye aliyesimama kando ya kaburi akasoma rambirambi za ofisi, na jina la marehemu akalikosea mara mbili.

Nilifunga sanduku la chanjo nyuma ya kiti, nikavaa helmeti.

"Muulize wewe," nilimwambia. "Si unajua tulipomzika."

Nikawasha pikipiki nikaenda Njukini.