Siku Ajira ya Dada Ilipokwama Kwenye Kompyuta Yetu

Mama mmoja aliingia dukani kwetu kuchapisha tangazo la msiba wa kaka yake. Kompyuta ikampongeza kwa kushinda gari.

Sitanii. Natania mambo mengi, muulize yeyote anayenifahamu, lakini hili halikuwa la utani.

Nilikuwa nafungua barua pepe yake ili nichukue picha ya marehemu. Badala ya barua pepe, skrini ikajaa maputo, muziki ukalia kwa sauti ya disko, na maandishi makubwa yakasema yeye ni mgeni wa milioni moja, abonyeze achukue gari lake jipya.

Mama wa watu akanitazama. Mimi nikatazama kibodi.

"Kijana," akasema taratibu, "mimi nimefiwa."

Nikamwelekeza duka la ng'ambo ya barabara. Hata pole sikumpa.

Maana pale pale nilimkumbuka dada.

Ngoja nikuweke sawa. Duka ni la mama mdogo. Tunatoa kopi, tunachapisha, tunawajazia watu fomu za mtandaoni. Mimi ndiye mkuu wa kitengo cha kompyuta, cheo nilichojipa mwenyewe, kwa sababu kompyuta ni moja na anayejifanya kuijua ni mmoja.

Dada yangu ni muuguzi. Kwa miaka saba amefanya kazi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mkataba ukiisha anarudi nyumbani, anakaa na simu mkononi kama mtu anayelea yai, akisubiri kuitwa tena.

Jana yake jioni alikuja na barua. Ameajiriwa moja kwa moja. Sharti lilikuwa moja tu: athibitishe kwamba anaikubali nafasi, mwisho kesho yake saa tisa alasiri. Asipothibitisha, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia furaha. Akaniambia kesho yuko zamu kutwa nzima, na wodini kwao simu zinafungiwa kabatini. Akaniuliza mara mbili kama nitaweza.

Nikamwambia hiyo ni kazi ya dakika mbili, naifanya hata nikiwa nimelala.

Sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na nilikuwa macho kabisa.

Nikaandika anwani ya ukurasa wa ajira. Maputo.

Nikazima kompyuta, nikawasha. Maputo, na safari hii kuna msichana anacheza.

Nikafungua kivinjari kingine, kile ambacho huwa hatukitumii. Kikanipeleka kwenye kamari. Nikafunga, zikafunguka kurasa tatu. Nikafunga tatu, zikaja saba. Ilikuwa kama kufukuza inzi machinjioni.

Utaniuliza kwa nini sikutumia simu yangu. Swali zuri, na jibu lake ni aibu yangu.

Sisi wa maduka haya tuna tabia moja. Mteja akifungua akaunti, tunamtungia nenosiri la haraka haraka, kompyuta ikiuliza kama ilitunze tunasema ndiyo, tunasahau. Nenosiri la dada lilikuwa ndani ya kompyuta ile, halikuwa kichwani mwa binadamu yeyote. Na ukiomba jipya, namba za siri zinatumwa kwenye simu ya dada.

Simu ya dada iko kabatini. Kabati liko hospitalini. Dada yuko wodini.

Nikampigia fundi kompyuta. Hapokei. Nikapiga tena. Hapokei.

Kufika saa sita, foleni ya wateja ilikuwa imefika mlangoni na mama mdogo alikuwa ameacha kuniuliza vipi. Alikuwa amesimama nyuma yangu tu, na pumzi zake nazisikia shingoni.

Hapo ndipo baba mdogo alipoingia kwenye habari hii.

Baba mdogo, mume wa mama mdogo, ni mstaafu. Huja dukani kila siku, anakaa kwenye kiti cha pembeni, na sisi tukienda kula anaazima kompyuta asome habari za mpira. Siku hiyo alinyanyuka, akaomba aione barua ya dada. Akavaa miwani. Akaanza kusoma neno moja baada ya jingine, kidole chini ya mstari.

Mimi moto unaniwakia, yeye anasoma kama yuko darasa la pili.

Nikashikwa na hasira. Na mimi nikishikwa na hasira, utani ndio huwa unatoka.

"Baba mdogo," nikasema, mbele ya foleni nzima, "hizo kurasa unazofungua tukienda kula ndizo zimetuletea virusi hivi."

Mwanamume mmoja kwenye foleni akacheka. Kicheko kile kilinipa kichwa. Nikaongeza kwamba siku hizi wazee nao wanatafuta wachumba mtandaoni, hawaulizi hata umri.

Watu wakacheka zaidi. Mama mdogo hakucheka. Alimgeukia mumewe akamtazama, na baba mdogo akaona anavyotazamwa.

Alisimama kidogo kwenye mashine ya kopi, akairudisha barua mezani, akatoka bila kuaga.

Nikajisemea akapunge upepo.

Saa saba simu yangu ikaita. Baba mdogo. Nikakata. Ikaita tena, nikakata. Ya tatu nikaigeuza uso chini kabisa. Nina virusi, nikasema moyoni, sina nafasi ya kusikiliza kinyongo cha mtu mzima.

Saa nane kasoro robo fundi akapokea.

Nikamweleza mbio mbio. Akaniambia nifungue orodha ya programu zote zilizomo, niipange kwa tarehe, za karibuni ziwe juu. Nikafanya hivyo.

Juu kabisa ilikaa programu iitwayo Kiharakishi. Jina zuri, utadhani imekuja kusaidia.

"Iliingia lini?" fundi akauliza.

"Jumanne, saa kumi na moja jioni."

"Nani alikuwa kwenye kompyuta Jumanne saa kumi na moja?"

Nikatazama kile kiti cha pembeni.

Jumanne baba mdogo hakuja dukani. Alikwenda kupimwa macho. Jumanne saa kumi na moja kulikuwa na mechi, na kulikuwa na ukurasa unaoonyesha mechi bure, ila eti lazima kwanza upakue kitu kidogo ili picha isikatike. Nilibonyeza ndiyo, endelea, nakubali, ndiyo, kama bwana harusi mwenye haraka. Mechi yenyewe haikuonekana.

"Hallo?" fundi akasema.

Nikamwambia sijui alikuwa nani.

Akaniambia niifute. Nikaifuta. Nikavuta pumzi, nikafungua ukurasa wa ajira.

Hakuna maputo. Hakuna msichana. Hakuna chochote. Kompyuta ikaniambia haina mtandao kabisa.

Fundi akanielewesha bila haraka, kama mtu ambaye ajira ya dada yangu haimhusu. Kitu kile kilikuwa kimekaa kama mlinzi getini, kila unachokiomba kinapitia kwake. Sasa nimemfukuza mlinzi, ila kompyuta bado inampelekea kila ombi, na yeye hayupo, kwa hiyo hakuna kinachopita. Lazima niingie kwenye mipangilio ya mtandao niondoe anwani aliyoiacha.

Akaanza kunielekeza. Simu yake ikaisha chaji.

Saa nane na nusu.

Nilifungua kila kisanduku cha mipangilio. Jasho linadondoka kwenye kibodi. Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya boksi la karatasi, kanga mdomoni, akirudia kwa sauti ndogo: miaka saba, jamani, miaka saba.

Saa tisa kasoro dakika kumi nikakiona. Kisanduku kimoja chenye tiki ambayo sikuiweka mimi. Nikaitoa.

Ukurasa wa ajira ukafunguka. Mweupe, mtulivu, nembo yake juu. Ningeweza kuubusu. Nenosiri likajijaza lenyewe, nikabonyeza, nikaenda moja kwa moja penye jina la dada.

Kulikuwa na mstari mmoja wa kijani.

Nafasi hii imekwisha kuthibitishwa leo, saa nane kasoro dakika nane.

Nikausoma mara nne.

Saa nane kasoro dakika nane nilikuwa bado naongea na fundi. Dada yuko wodini. Basi ni nani? Nikapata jibu. Waliotuma kitu kile walikuwa wanaona kila kilichomo. Wamechukua nenosiri, wameingia kwa jina la dada, na sasa mtu nisiyemjua anaichukua kazi yake.

Nikamwambia mama mdogo. Hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa kanga tu, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

Saa tisa ikapiga. Tukakaa.

Saa tisa na robo dada akaingia na sare yake ya kazini. Nyuma yake baba mdogo, shati limelowa mgongo mzima, viatu vimejaa vumbi.

Nikaanza kulia kabla hajaketi. Nikamwambia dada wameiba, nisamehe, wameingia wakaiba kila kitu.

"Nani kaiba nini?" akauliza.

Akaweka karatasi mezani. Ilikuwa na mhuri wa siku ile ile.

Mwisho wa ile barua, kwa maandishi madogo, waliandika kwamba atakayepata tatizo la mtandao afike ofisini mwenyewe na kitambulisho, atathibitishiwa pale pale. Barua ile nililala nayo. Lakini sisi hatusomi barua, tunatafuta namba na tarehe ya mwisho, basi.

Baba mdogo aliisoma yote. Alitoa kopi, akaenda kwa miguu hadi hospitalini, akamsubiri muuguzi mkuu mlangoni mpaka dada akaruhusiwa kutoka, wakaenda wote ofisini.

"Amekupigia mara tatu akuambie utulie," dada akasema. "Ulikuwa wapi?"

Baba mdogo akakaa kwenye kiti chake cha pembeni, akavua miwani, akaifuta vumbi kwa pindo la shati.

"Na vile virusi vyangu," akauliza, "uliviona?"

Yule mwanamume aliyecheka saa sita alikuwa bado anasubiri kujaziwa fomu yake.

Nikasema kwa sauti ya chini kwamba ni vyangu. Jumanne. Mpira.

"Rudia," mama mdogo akasema. "Kwa sauti ile ile uliyomsemea."

Nikarudia. Wote wakasikia. Hakuna aliyecheka.

Dada sasa ni mwajiriwa, mshahara wake hauulizi miezi mitatu imeisha lini. Baba mdogo bado anakuja dukani, na alishaniambia yameisha. Ila kompyuta haigusi tena. Anakuja na gazeti lake kwapani, tukienda kula analifungua, tukirudi analikunja.

Ndugu msomaji, kitu kikikuomba ukubali, soma kwanza unakubali nini, na barua isome hadi herufi ya mwisho hata kama unajiona bingwa. Lakini kubwa ni hili: mashine niliisafisha kwa saa moja, na mwishoni sikuwa hata na fundi hewani. Lile neno nililomwambia mtu mzima mbele ya mkewe na mbele za watu, mwezi wa nne huu nalisafisha, na bado namwona anakunja gazeti.

Kama kuna mtu umemsingizia, usingoje asahau mwenyewe. Nenda kamwambie leo kwamba ulimsingizia, tena mbele ya wale wale waliocheka.