Paka wa Mwalimu Magreth na Majani ya Jirani

Mwalimu Magreth alikuwa na uadui na majani. Kwao Mbinga alikozaliwa, mwanamke aliyeacha majani mlangoni alihesabiwa mvivu, na redio nayo mwaka ule wa 1973 ilikuwa haichoki kuhimiza usafi wa mazingira. Basi uwanja wa nyumba yake pale Chikongola, mjini Mtwara, ulikuwa mweupe pe, umefagiliwa hadi ukawa mgumu kama sakafu. Jani likichomoza asubuhi, jioni halipo.

Jirani yake Bi Mwanakombo, mjane kutoka Msimbati, alikuwa na mbuzi mmoja, na kwa ajili ya mbuzi huyo uani kwake kulikuwa na majani ya kufika magotini. Magreth alimsema mara ya kwanza kwa upole na mara ya pili bila upole. Ya tatu akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Mohamedi, naye akaamuru majani yawe yameng'olewa ifikapo Jumamosi. Tangu hapo salamu za wanawake hawa wawili zilikuwa za kutoka mdomoni tu.

Magreth na mumewe Josephu hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na Kapteni. Josephu, aliyeendesha winchi bandarini, alipewa paka huyo na mpishi wa meli iliyokuja kupakia korosho. Alikuwa na manyoya marefu ajabu na mkia kama ufagio, na kwa sababu watu walipita kumshangaa, Magreth aliogopa ataibiwa, akamfungia ndani. Kapteni alilala juu ya madaftari ya wanafunzi na kujilamba kutwa nzima. Magreth alimpenda, na hakuona haya kusema hivyo.

Kabla Jumamosi hiyo haijafika, mbwa mwenye kichaa akang'ata watu mtaa wa pili, na tangazo likapita kwamba mnyama yeyote mwenye dalili za ajabu aripotiwe. Wiki hiyohiyo Kapteni akagoma kula. Akawa anajikunyata sakafuni, ananyoosha shingo, anakokomoka na kutoa povu, tena bila kutapika kitu. Kibaya zaidi, siku moja kabla alikuwa amemparura mkono Rehema, mjukuu wa Bi Mwanakombo, aliyekuja kumchungulia dirishani.

Bi Mwanakombo aliliona lile povu kupitia dirisha. Alizifahamu sindano za kichaa cha mbwa. Mtoto anachomwa tumboni, siku baada ya siku. Alifunga kanga yake akaenda moja kwa moja kwa bwana mifugo. Na wewe ungefanya nini?

Bwana mifugo, jina lake Andrea, alifika asubuhi na bunduki begani. Watu walikuwa wameshajaa.

"Mwalimu, mtoe nje," alisema.

"Bwana Andrea, huyu haumwi kichaa. Amekwamwa na kitu."

"Huenda. Lakini kuna mtoto ameparurwa. Nikikosea mimi, ni nani atamjibu bibi yake?"

Magreth aligeuka. Bi Mwanakombo alikuwa amesimama pale, amemshika Rehema kwa mikono yote miwili, na machozi yakimtoka. Hapo ndipo Magreth alipoacha kumkasirikia. Akamviringisha Kapteni kwa taulo, akambeba mwenyewe.

Sasa wamfunge wapi? Uwanja wa Mwalimu haukuwa na mti wala kijiti cha kumfungia. Kigingi pekee kilichokuwa karibu ni cha mbuzi, katikati ya majani ya Bi Mwanakombo. Wakamwondoa mbuzi, wakamfunga paka. Magreth akarudi nyuma, akajifunika uso kwa mtandio.

"Ondoeni watoto upande ule!" Andrea alifoka.

Watoto wa Chikongola hawaondoki kirahisi palipo na bunduki. Wakati wanafukuzwa huku wanarudi kule, Kapteni alikuwa ameinamisha kichwa na anatafuna majani. Alikula kwa pupa, jani baada ya jani, kana kwamba alinyimwa mwaka mzima. Na kweli alinyimwa.

Mara mgongo ukampanda, tumbo likamwingia ndani. Akakokomoka, akakokomoka tena, na kitu kikaanguka majanini, kirefu na cheusi kama kidole.

Andrea alisogea polepole, akakigeuza kwa kijiti. "Manyoya," alisema. "Donge la manyoya matupu! Paka huyu amejilamba hadi akajiziba."

Kapteni alijipangusa mdomo kwa mguu wa mbele, akalia kwa sauti ya mwenye njaa. Magreth aliketi chini palepale, majanini, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Mtoto je?" Bi Mwanakombo aliuliza.

"Osha mkwaruzo kwa maji na sabuni. Nami nitapita kumwangalia paka mpaka nitosheke. Mwalimu, mchane kila siku, na majani asikose."

Andrea alipita kama alivyoahidi, na kila alipopita alimkuta Kapteni anakula samaki. Safari ya mwisho akasema hadharani kwamba hakuna atakayechomwa sindano. Bi Mwanakombo alipumua kwa nguvu hadi mbuzi akageuka. Josephu ndiye pekee aliyepata hasara, maana chanuo lake la nywele halikurudi tena.

Ila Jumamosi ilifika kabla ya hayo yote kwisha, na Mzee Mohamedi akaja na jembe kusimamia amri yake. Alimkuta Mwalimu Magreth amechuchumaa uani kwa Bi Mwanakombo, anachimbua shina moja la majani pamoja na udongo wake.

"Ahsante, Mwalimu, umeanza mwenyewe," balozi alisema.

"Sing'oi, mzee. Nahamisha. Haya mengine tafadhali usiyaguse."

Alilipanda katikati ya uwanja wake mweupe, akalimwagilia. Bi Mwanakombo alikuwa mlangoni, mkono kiunoni.

"Mwalimu, ndiwe unayemwagilia majani?"

"Ndimi. Nicheke tu, Bi Mwanakombo, nimestahili."

Alicheka kweli, tena sana, kisha akamletea maji ndoo ya pili.