Mke Aliyerudi Kitabuni

Mwanangu wa pili ni fundi wa kuchomelea vyuma. Wateja wanamwita Cheche, na mimi siku hizi nimekuwa Mama Cheche hata kwa daktari. Anatengeneza mageti na fremu za madirisha kwenye kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba yetu, kwa hiyo akikohoa namsikia, na akinyamaza namsikia zaidi.

Shule aliiacha mapema, baba yake alipougua. Kalamu aliijua kwa kuandikia vipimo tu. Kisha mke wake akaondoka. Hawakugombana kwa kelele. Alikunja nguo zake, akaniaga kwa adabu, akaenda kwa dada yake na hakurudi. Cheche hakulia wala hakuanza pombe. Alianza kuandika kwenye simu. Umeme ukikatika, mafundi wenzake wanakaa kuulaani, yeye anakaa juu ya pipa anabofya. Ilifika mahali umeme ukirudi anasonya.

Aliandika habari za fundi aliyeachwa na mkewe, anayesubiri. Niliposikia nikajisemea, tumekwisha. Mimi namwombea asahau, yeye anaandika.

Mteja wake mmoja akaisoma hadithi hiyo, akaipeleka kwa kampuni ya vitabu. Wakaipenda. Tukadhani mambo yameiva, kumbe jiko ndiyo kwanza linawashwa. Leo punguza hiki, kesho ongeza kile. Mhariri, mwanamke mwenye sauti ya upole isiyochoka, alipiga simu katikati ya kazi, grinda inalia, mwenye geti amesimama mikono kiunoni.

“Fundi, na geti langu umelipeleka kwa mhariri?” akauliza mteja.

“Liko sura ya mwisho, mzee. Vumilia kidogo.”

Kilichomkwamisha ni huo mwisho. Alivyoandika yeye, mke harudi. Mhariri akasema hivyo hawachapishi.

“Msomaji akifika mwisho anataka apumue,” alisema, simu ikiwa kwenye spika.

“Mimi mwenyewe sijapumua, dada.”

“Wewe ndiye mwandishi. Mrudishe tu.”

Nilikuwa naanika nguo. Nikaziacha kwenye beseni, nikaenda kumwambia, “Mwanangu, usimrudishe mtu ambaye hajasema anarudi.”

“Mama, ni hadithi.”

“Hadithi, na kila jioni unapiga namba yake iliyofungwa?”

Akageukia simu yake. Akamrudisha. Ukurasa ule aliuandika umeme ukiwapo, mashine ameizima kwa makusudi, anatabasamu peke yake. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Kitabu kikatoka, kina jina lake kamili ambalo majirani wengi hawakulijua. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilipapasa jalada mpaka likapata alama za vidole vyangu. Lakini furaha yenyewe haikudumu, maana watu wa mtaani kwetu hawakusoma hadithi, walisoma tangazo. Muuza mkaa akanishika mkono.

“Hongera, Mama Cheche. Nasikia mkwe karudi.”

“Karudi kitabuni.”

“Si ndiyo hivyo hivyo. Mbona mnamficha ndani, tutamla?”

Nilieleza mpaka mate yakanikauka. Nilieleza dukani, nikaeleza kwenye foleni ya zahanati huku naumwa jino, nikaeleza kwa mashemeji waliopaswa kujua zaidi. Mwingine aliniambia nisione haya, ndoa nyingi hupita huko. Na Cheche akiulizwa anacheka tu, hakani. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Jana mchana ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu yangu, kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa mkwe wangu.

“Mama, shikamoo. Samahani kukusumbua. Huku watu wananiuliza nimerudi lini kwa mume wangu. Mpe hongera ya kitabu, namwombea mema. Lakini sirudi, mama. Naomba alisikie hilo kwa sauti yangu.”

Nilikaa na ile simu mapajani. Nikimficha Cheche, atasubiri hadi azeeke. Nikimwambia, sijui atafanya nini. Nikaenda kibandani, nikamwekea asikilize. Alisikiliza ameinamisha kichwa, glovu bado mikononi.

“Amekisoma?” akauliza.

“Ameambiwa na watu.”

“Basi hajakisoma.” Akavua glovu, akatoa nakala moja kwenye boksi, akaifuta vumbi la chuma kwa shati lake, akaanza kuandika jina la mkewe ukurasa wa mbele. “Akikisoma ataelewa. Nipe hiyo namba nimuulize anakaa wapi.”

“Mwanangu, umesikia alichosema?”

“Nimesikia. Ila hajafika mwisho.”

Mimi nimefika. Nilikisoma chote kwa kufuata mistari kwa kidole, mpaka pale mke anapoingia, anakaa, mume anammiminia chai, basi, kimekwisha.

“Huyo uliyemwandika haongei neno hata moja,” nikamwambia. “Huyu ameongea.”

Mkono wake ukasimama. Akanitazama kama niliyemtukana mbele za watu. Kisha akamalizia herufi zilizobaki, taratibu, akaanza kutafuta bahasha kwenye droo ya misumari, anapekua, anafunga, anafungua tena. Nikaitia simu kifuani nikasimama mlangoni. Namba sikumpa.