Pua ya Ukoo na Neva ya Kwanza

Kwa miaka sita nilikataa kwamba pua yangu haisikii kitu. Nilikataa hata mbele ya mume wangu, aliyenikuta nikisoma gazeti huku maharagwe yakiungua hatua mbili kutoka kwangu. Kwetu mimi ndiye pua ya ukoo. Mama aliuza samaki wakavu wa Kasenga, akanifundisha kuwanusa kabla ya kulipa, na tangu afariki hakuna harusi wala matanga ambayo sikutumwa sokoni kuwachagua. Mtu haachi cheo kama hicho kwa hiari.

Kwa hiyo nilinusa kwa macho. Nilimwinua samaki hadi puani, nikafumba jicho moja, na kwa lile jingine nikamtazama muuzaji. Akihangaika, nilimrudisha samaki. Mbinu ilifaa mpaka harusi ya shemeji yangu, nilipochagua kapu zima lililosafiri kwenye lori pamoja na madumu ya petroli. Muuzaji alikuwa mtulivu kama padri. Wageni walitafuna, wakatazamana, wakahamia kwenye kuku. Mimi nikamsingizia mpishi sufuria chafu.

Aliyenikamata ni binti wa kaka yangu, anayeishi kwetu na kusoma udaktari chuo kikuu, kule Kasapa. Alikuwa na mtihani wa mdomo juu ya neva za fuvu, zile jozi kumi na mbili zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo, naye alihitaji kichwa cha kufanyia mazoezi. Cha mume wangu kilikuwa kazini.

"Ikala hapa, tantine," akasema, akivuta kiti cha jikoni. "Leo weye ni mugonjwa wangu."

Sijawahi kukifurahia kichwa changu namna ile. Nilifuata kalamu yake kwa macho, akaniambia neva tatu hugawana kazi ya kuyazungusha, na mbili kati yake zina msuli mmoja mmoja tu wa kusimamia, kama watumishi wa ofisi wenye muhuri mmoja. Nilijaza hewa mashavuni, nikakunja paji la uso: kazi ya saba. Nilipandisha mabega huku akiyakandamiza: ya kumi na moja. Ya kumi ndiyo iliyonishangaza. Inatoka kichwani, inapita kwenye sauti, inashuka hadi moyoni na tumboni bila kumwomba mtu ruhusa. Nina shahada mbili ukutani, na sikuwa na habari kwamba naishi na msafiri huyo. Alipotaka nitoe ulimi, kazi ya kumi na mbili, niliutoa nikicheka.

"Bon. Tumesahau ya kwanza," akasema. "Kila mutu anairuka. Na profesa anapenda kuuliza ile yenye kila mutu anaruka."

"Inafanya nini?"

"Kunusa."

"Basi na sisi tuiruke."

"Tantine, funga macho."

Kitu kikasogea puani, na mchomo mkali ukapanda hadi kati ya macho. "Siki," nikasema kwa ushindi.

"Hapo imesema ya tano. Ya tano inasikia kuchoma, haisikii harufu. Tuendelee."

Nikafikiri kama msomi. Kwa kunusa watu hupimwa kwa kahawa, na kopo la kahawa nilikuwa nimelisikia likifunguka.

"Kahawa."

"Fungua macho."

Alikuwa ameshika sabuni ya kufulia. Kopo lilikuwa mezani, wazi, mbali nami.

"Tangu lini, tantine?"

"Nina mafua."

"Mafua ya miaka ngapi?"

Nikamwambia sita. Baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Nilisimulia yote, hata kapu la petroli, moyo ukinienda mbio kama wa mtoto aliyeruhusiwa kutoka darasani. Alicheka hadi akashika meza. Kisha akaacha kucheka. Nyuzi za neva ya kwanza, alieleza, hupanda kutoka puani kupitia mfupa mwembamba wenye matundu kama chekeche, zikaingia chini ya ubongo wa mbele. Ama njia ya puani imeziba na neva iko hai, ama nyuzi zimekufa, ama kuna kitu kichwani kinazikandamiza. Hilo la mwisho alilisema kwa Kifaransa, lugha anayokimbilia akiogopa.

Daktari wa masikio, pua na koo akaagiza picha ya kichwa, akaahidi kunipigia simu. Siku tatu nilisoma kitabu cha binti huyo mpaka akakidai. Nikajifunza kwamba ulimi peke yake hujua chumvi, sukari, uchachu, uchungu na vichache vya jamii hiyo. Utamu mwingine wote huletwa na neva ya kwanza. Miaka sita nilikuwa nakula kumbukumbu. Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi nilitamani kujua.

Simu ililia nikisonga bukari, ugali wa kwetu. Binti akaiweka kwenye spika na kunishikia, maana bukari haikubali kuachwa.

"Mama, nimeangalia picha," daktari akasema. "Kichwani hakuna kitu."

"Mume wangu amekuwa akisema hivyo."

Akacheka. "Hakuna uvimbe, mama. Kuna vinyama laini puani, pande zote mbili. Vimeziba njia."

"Na neva?" binti akaniwahi.

"Inaonekana nzima. Harufu ndiyo haiifikii. Tutaanza na dawa, ikishindwa, tutavitoa. Mama, uko hapo?"

Nilikuwa nimeachia mwiko.

"Niko, daktari. Kesho mnafungua saa ngapi?"