Magoti Ni Haya Haya

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Kizwite, nikasema nakwenda kuomba uafisa jeshini. Baba mkubwa akaweka kikombe chake chini. "Binti akishavaa buti hapigi magoti tena," alisema. "Sisi tutasalimiwa na nani?"

Kesho yake alfajiri nilianza mazoezi ya kukimbia hadi mtaa wa Malangali, baridi ikinichoma masikio. Kila nilipokutana na mzee anayekwenda shamba, nilisimama, nikapiga magoti barabarani na kupiga makofi taratibu kama tunavyolelewa Ufipa, nikasubiri aulize habari za nyumbani mpaka atosheke. Halafu mbio tena. Vijana wa bodaboda walicheka, eti mwanajeshi gani huyu. Niliwapita.

Asubuhi moja nikamkuta baba mkubwa mwenyewe, anakokota baiskeli. Nikapiga magoti kwenye tope. "Shikamoo, baba mkubwa." Alichelewa kuitikia makusudi. Na mimi sikuinuka, makusudi. Aliposema marahaba nikamwambia magoti ni haya haya, na jeshini nakwenda nayo.

Nikaondoka mbio. Tope sikulifuta.