Jozi Hamsini na Nane

Matano wa Rai alikuwa mkata nyasi wa chuo cha ualimu kilichojengwa juu ya kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kwale. Alikuwa mwoga. Tuliseme mapema liishe: alikuwa mwoga, mwenyewe alijua, na wala hakuona haya. Husemwa kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, naye Matano alikuwa amechagua kicheko tangu utotoni. Ila iko siku moja ya mwaka wa hamsini na nne ambayo hakupenda itajwe mbele yake, na kicheko hakikuwamo.

Uwanja wa chuo ulikuwa shamba la babake. Serikali ilipolichukua, Matano alipewa fyekeo na mshahara, akawa anakata nyasi pale pale alipokuwa akipalilia mihogo. Pembeni, karibu na mkwaju, yalibaki makaburi ya kwao. Mamake, Mishi, alipofariki alizikwa hapo kando ya mumewe, na chuo hakikukataza. Kuzika hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa hitima ya arobaini, maana hitima ni watu, na watu uwanjani walikuwa na masharti yao.

Masharti yalikuwa yamepigwa chapa na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi. Miaka hiyo nchi ilikuwa katika hali ya hatari. Vita vilikuwa bara, mbali, lakini hofu ilikuwa imekwisha panda gari la moshi ikateremka mpaka pwani. Mkusanyiko wowote katika viwanja vya chuo, uwe mchezo, harusi au maombi, uombewe kibali siku saba kabla. Moto usiwashwe. Ngoma isipigwe. Watu wasizidi sitini. Na aliyetia sahihi ndiye atakayewahesabu, apeleke idadi ofisini saa tisa, na ikionekana amedanganya, atajibu kwa polisi.

Kujibu kwa polisi Matano alikujua. Jirani yake Mwero alikuwa amemchezea mkewe mgonjwa kayamba la uganga nyumbani kwake, bila kibali cha serikali, ambacho hata vijijini kilitakiwa. Askari walikuja, wakawapanga watu mstari, wakawahesabu mmoja mmoja kwa kidole, halafu wakampakia Mwero kwenye lori. Miezi minane ilikuwa imepita. Mke alipona, lakini Mwero hakurudi, wala hakuna aliyejua alikopelekwa. Kila Matano alipopita mbele ya nyumba ile alitazama upande wa pili.

"Karani, sitini ni wachache mno," alimwambia Suleiman, karani wa chuo. "Hitima haina mlango. Nitamzuia nani?"

"Kaka Matano, mimi siyatungi, nayapiga chapa tu," alijibu Suleiman, ambaye hakuwa mtu mbaya, ila naye alikuwa na watoto wa kulisha. "Ukitaka, tia sahihi. Hutaki, kamsomee mamako nyumbani, wewe na wa ndani tu."

Lakini Mishi alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba asomewe pale, kwenye ardhi ya mumewe. Matano alitia sahihi kwa herufi za Kiarabu, na jina lake likatoka kama la mtu mwingine.

Tangu hapo hakulala vizuri. Alimnong'oneza imamu wa msikiti wao peke yake, akamsihi asimwambie kila mtu. Hakujua kwamba Mwanaima, mdogo wa marehemu mamake, alikuwa amekwisha peleka habari Kikoneni, walikozaliwa yeye na Mishi. Mwanaima hakumwomba mtu ruhusa. Kwani dadake ni mali ya chuo?

Siku ilipofika, Matano alitandika mikeka kati ya mkwaju na uwanja. Wali ulikuwa umepikwa kijijini, ukaletwa kwenye masufuria yaliyofunikwa majani ya mgomba, kwa ajili ya lile sharti la moto. Baada ya adhuhuri watu wakaanza kuingia. Walikuja wa kijijini, wakaja wa Kwale mjini. Kisha, chini ya kilima, Matano akaona msururu mrefu, wanaume mbele na wanawake nyuma, miguu imejaa vumbi jekundu hadi magotini. Walikuwa wa Kikoneni. Walikuwa wameanza safari kabla ya alfajiri.

Akaja Mwanaima, uso umemng'aa kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Shikamoo mama," alisema Matano kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Waona mamako alivyopendwa?"

"Naona, mama. Naona sana."

Sasa ilibidi ahesabu. Na hapo ndipo penye mkasa wenyewe, kwa sababu kwao mtu hahesabiwi. Huhesabiwa mbuzi, huhesabiwa nazi. Ukimwuliza mzazi ana watoto wangapi atakwambia Mungu amempa, basi. Anayenyoosha kidole akahesabu vichwa vya watu ni kama anayekionyesha kifo njia. Kuwahesabu watu waliokuja kumwombea mamake, mbele ya kaburi lake! Matano aliinua kidole mara moja, akakirudisha haraka mfukoni kana kwamba kimeungua.

Halafu akaviona viatu. Upande wa barabara, kila aliyefika mkekani alikuwa amevua vyake akaviacha kwenye mstari, vidole vikielekea nje: makubadhi ya ngozi, viatu vilivyokatwa kwenye mipira ya magari, jozi mbili tatu za viatu vya kizungu vya walimu. Kiatu si mtu. Kiatu mtu anaweza kukihesabu bila kumdhuru yeyote. Alipita akiinama kama anayepanga vizuri, akahesabu taratibu, akarudia. Jozi hamsini na nane. Akashusha pumzi.

Moyoni alijua. Msimdhanie mjinga. Alikuwa ameiona ile miguu ya vumbi jekundu, na alijua kwamba mkulima wa Kikoneni wa miaka ile hakuwa na kiatu cha kuvua. Lakini mtu akiogopa, hujua jambo akaliweka kando. Saa tisa alikwenda ofisini, akasema "hamsini na nane", Suleiman akaandika, naye akatia sahihi tena.

Aliporudi alikuta Yasini imekwisha na imamu anajiandaa kuanza dua. Watu walikuwa wameinua viganja. Ndipo gari la chuo lilipopanda barabara ya uwanjani. Mbele alikaa Bwana, Mzungu aliyesimamia majengo na viwanja, na nyuma walikaa askari wawili wenye bunduki.

Bwana alishuka, karatasi mkononi. Alitazama umati. Hakukasirika, hakupaza sauti. Alimwashiria askari mmoja tu, na askari akanyoosha kidole: "Mmoja, wawili, watatu..."

Hakufika kumi. Mwanamke mmoja alipiga ukelele, "Wanahesabu!" na hakuna aliyengoja zaidi. Kila mtu pale aliijua habari ya Mwero. Waliinuka wote kwa pamoja, wakakimbilia upande wa makaburi na kuteremka kichakani, wazee wakivutwa mikono, akina mama wakishika leso zao. Imamu alikimbia na msahafu kifuani. Viatu vilikuwa upande wa gari, hakuna aliyethubutu kuvifuata.

Walibaki wawili: Mwanaima, ambaye hakuinuka mkekani, na Matano, ambaye miguu yake ilikataa.

"Watu iko wapi?" Bwana aliuliza.

"Wamekwenda, bwana."

"Karatasi nasema hamsini na nane. Mimi naona watu mingi sana."

Matano aliliona lori akilini. Alijiona amekaa ndani yake karibu na Mwero, na Mwero anamuuliza, wewe nawe kwa kayamba gani? Bwana akatazama huku na huku, akaviona viatu. Akamwambia askari avihesabu.

Askari alihesabu kwa sauti, akigusa kila jozi kwa kitako cha bunduki. Hamsini na tano. Hamsini na sita. Matano alifumba macho. Hamsini na saba. Hamsini na nane. Basi, hakukuwa na nyingine.

Bwana alilinganisha na karatasi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mzuri. Wewe mtu ya kweli," alisema. Gari likageuka, likaondoka.

"Alhamdulillahi," alisema Matano. Lilimtoka kwa furaha, kwa nguvu, karibu acheke. Alikuwa amefurahi kwamba wale watu walikuwa maskini. Alikisikia alichokifurahia baada ya neno kumtoka, akaona haya, haya ya kweli, ambayo hakuwa ameijua maishani.

Mwanaima alitazama masufuria ya wali, hata jani halijafunuliwa.

Jioni ile Matano alivitia viatu kwenye makanda, akavipeleka nyumba kwa nyumba. Watu walivipokea mlangoni bila kumkaribisha ndani. Aliporudi amechoka, Mwanaima alikuwa amekaa kibarazani.

"Wenye viatu umewarudishia viatu vyao," alisema. "Na waliokuja peku, utawarudishia nini? Walitembea tangu kabla ya alfajiri kumwombea mamako, Matano. Kwenye karatasi yako hawakuja."

Ijumaa iliyofuata Matano aliacha makubadhi yake mlangoni, akaenda Kikoneni peku, na mchele kichwani. Kibali hakuwa nacho. Aliogopa njia nzima. Kila gari lilipopita aliingia kichakani, akatoka, akaendelea. Walimkusanyikia ndani na nje ya nyumba ya mjomba wake, wakaisoma ile dua mpaka mwisho, naye alikaa, jicho barabarani. Baadaye waliinuka mmoja mmoja kumpa mkono wa pole, mikono migumu ya jembe, na kila mkono uliomshika, midomo yake ilikwenda yenyewe.

Themanini na watatu. Hakumpelekea mtu idadi hiyo mpaka alipokufa.