Mtoto Aliyekatwa Kimeo

Yule mama alifika asubuhi na mwanawe mgongoni, ametembea kutoka bomani kwao, kwenye nyanda kavu za Handeni. Mimi nilikuwa muuguzi wa zahanati ya huko. Mtoto alikuwa na mafua na kikohozi kikavu. Nilimpima kwa makini. Homa hakuwa nayo, kifua kilikuwa safi, koo halikuwa na mafindofindo.

Nikamweleza mama kwamba haya ni mafua ya kawaida, antibiotiki kama amoksilini haitayasaidia, na kikohozi kinaweza kuendelea hata mafua yakiisha. Nikamwonyesha jinsi ya kumsafisha pua kwa maji ya chumvi, nikamtajia dalili za kumrudisha haraka. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuna dawa?"

"Hiyo ndiyo dawa yake, mama."

Akaitazama mikono yangu mitupu, akamfunga mtoto, akaondoka.

Aliporudi, baada ya siku kadhaa, alikuwa na mama mkwe wake. Mtoto anatokwa na mate yenye damu, hataki hata maji, mwili unachemka. Nilipommulika kooni nikakuta kidonda kichafu pale kilipokuwa kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Kumbe kikohozi kilipogoma kuisha, walimpeleka kwa mkata kimeo.

Nilimtundikia dripu, nikamchoma sindano ya kwanza ya antibiotiki, nikapiga simu kuomba gari la wagonjwa. Tulipokuwa tunasubiri, hasira ikanipanda. Nikamwambia bibi kwamba kimeo hakileti kikohozi, na kwamba mjukuu wake angeweza kufa.

Akanisogelea, akasema, "Mwanangu, hebu fungua mdomo."

Nikaufumba. Kwangu pia kimeo hakipo. Nilikatwa utotoni, kwetu Kwashemshi, bibi yangu mwenyewe akinishika kichwa. Maumivu nimeyasahau, ila harufu ya moshi kwenye khanga yake ninayo hadi leo.

"Na wewe ulipona," bibi akasema, bila kejeli yoyote.

Nilitaka kumwambia kwamba kikohozi changu kingeisha chenyewe, kwamba nilipona licha ya kile kisu. Gari likaingia, nikabeba chupa ya dripu.

Mtoto alilazwa hospitali ya mjini, akapona. Siku moja nilikutana na mama yake mtaani Chanika, pale pale Handeni mjini, anatoka duka la dawa. Akaniamkia kwa furaha, akanionyesha amoksilini kwenye mfuko. Mdogo wake yule mtoto ana mafua, akasema, na safari hii hakatwi mtu. Atampa mpaka kikohozi kipungue, zitakazobaki atamwekea mwingine.

"Nimeshika maneno yako, daktari," akaniambia.

Nikamvuta pembeni, kwenye kivuli cha duka, nikaanza upya kumweleza mafua ni nini, na kwa nini dawa ile haigawiwi nusu nusu. Aliitikia kila neno kwa kichwa, macho yake yako kwenye pikipiki iliyokuwa ikimsubiri.